Gesi ya Kiyoyozi Haiishi: Gharama za Matengenezo Mjini Lilongwe

Kiyoyozi cha nyumbani, ambacho mafundi na wateja wengi hukiita AC, ni mashine ya kuchukua joto lililomo chumbani na kulitupa nje, na kazi hiyo huifanya kwa msaada wa kimiminika maalumu kinachogeuka kuwa mvuke ndani ya koili ya chumbani, kikalifyonza joto, kisha kikashindiliwa na kompresa na kurudi kuwa kimiminika katika koili ya nje, ambako feni hulipeperusha joto hilo hewani. Kimiminika hicho ndicho watu wanachokiita gesi. Kinazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa pande zote, hakichomwi kama mafuta ya gari wala hakiliwi na mashine, na kwa sababu hiyo kiasi kilichowekwa kiwandani kinapaswa kubaki kilekile hadi siku mashine inapotupwa.

Ukweli huo mdogo una uzito mkubwa mfukoni, kwa kuwa kauli inayosikika zaidi baada ya fundi kufungua kiyoyozi ni kwamba gesi imeisha na inahitaji kujazwa. Gesi ikipungua, imevuja, na mwenye nyumba anayelipia kujaziwa bila tundu kutafutwa amelipia baridi ya wiki au miezi michache tu, baada ya hapo atalipa tena. Utafutaji wenyewe si uchawi: mabomba hujazwa nitrojeni kavu kwa shinikizo kubwa, maungio hupakwa povu la sabuni, na panapotoka mapovu ndipo palipo na kasoro, ambayo mara nyingi ni nati iliyolegea au ukingo wa bomba uliopanuliwa vibaya siku ya ufungaji. Nitrojeni ndiyo inayotakiwa, na oksijeni ya mtungi wa kuchomelea isikaribie kabisa, kwa kuwa ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya shinikizo inaweza kulipuka.

Baada ya tundu kuzibwa huja hatua ambayo fundi mwenye haraka huiruka, nayo ni kutengeneza ombwe, yaani kuifyonza hewa yote na unyevunyevu wote kutoka mabombani kwa pampu kabla gesi mpya haijaingizwa. Maji yakibaki humo huungana na mafuta na gesi, yakazaa asidi inayoula polepole mpako wa nyaya za kompresa, na madhara yake hujitokeza miezi kadhaa baadaye, wakati ambapo hakuna anayekumbuka matengenezo yale. Hapa Lilongwe ina jambo lake la pekee. Mji huo uko takribani mita 1,050 juu ya usawa wa bahari, kanieneo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko la mji wa pwani kama Dar es Salaam, na kwa kuwa geji ya kawaida ya fundi hupima tofauti kati ya ndani ya bomba na hewa iliyopo nje, mshale wake hauwezi kuteremka hadi alama ya inchi 30 za zebaki ambayo vitabu vingi huitaja. Ombwe kamili mjini humo husomeka kati ya 26 na 27. Pampu ikisimama hapo si mbovu, na mteja asikubali kutozwa fedha ya pampu nyingine. Urefu huohuo huifanya hewa kuwa nyepesi, kiasi kwamba feni ya nje inayozunguka kwa kasi ileile hubeba joto kidogo kuliko inavyobeba pwani, na koili iliyofunikwa vumbi la kiangazi huumia zaidi.

Chanzo cha pili cha gharama ni umeme wenyewe. Wakazi wa Malawi wanakumbuka Januari 2022, kimbunga Ana kilipokiharibu kituo cha kufua umeme cha Kapichira katika mto Shire na kuliondolea taifa takribani megawati 130, lakini hata katika nyakati za kawaida umeme kukatika na kurudi ghafla si jambo geni. Kompresa inapoanza kuzunguka huvuta mkondo wa umeme mara kadhaa zaidi ya ule inaoutumia ikishatulia, na ikilazimishwa kuanza upya kabla shinikizo la pande mbili za mabomba halijasawazika, hunguruma bila kuzunguka huku nyaya zake zikipata moto. Ndiyo maana kifaa cha kulinda voltaji chenye kuchelewesha umeme kwa dakika tatu hadi tano, ambacho maduka mengi huuza hata kwa ajili ya friji, ni kinga ya bei ndogo kuliko ugonjwa wake. Tena, kompresa inayonguruma si lazima iwe imekufa. Mara nyingi kilichokufa ni kapasita, kifaa chenye umbo la kopo kinachotunza chaji ya umeme na kuisaidia mota kuanza, ambacho bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya kompresa. Fundi mwaminifu hukipima kwa mita mbele ya mteja kabla ya kutamka neno kompresa.

Ikithibitika kwamba kompresa imeungua kweli, hesabu hubadilika. Mabomba yanapaswa kusafishwa asidi na chujio la kukausha unyevu kubadilishwa, la sivyo kompresa mpya itafuata njia ya ile ya zamani, na jumla yake hukaribia bei ya kiyoyozi kizima kiasi kwamba kwa mashine iliyokwisha kuzeeka matengenezo hayo hayana faida. Vipuri hivyo hununuliwa nje ya nchi kwa fedha za kigeni. Benki Kuu ya Malawi ilipoishusha thamani ya kwacha mwezi Novemba 2023, dola moja ikapanda kutoka kwacha 1,180 hadi 1,700, kipuri cha dola 30 kilihama kutoka kwacha 35,400 hadi 51,000 kwa kiwango rasmi, kabla hata ya nauli na ushuru, bila fundi yeyote kuongeza tamaa.

Aina ya gesi nayo ina bei yake na historia yake. Viyoyozi vya zamani hutumia R22, ambayo huharibu tabaka la ozoni na ambayo Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 imeziwekea nchi zinazoendelea ukomo wa 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo; warithi wake, kama R410A, hawagusi ozoni lakini huongeza joto la dunia, na ndiyo sababu ya Marekebisho ya Kigali, yaliyokubaliwa nchini Rwanda mwezi Oktoba 2016. Kwa mwenye nyumba la muhimu ni kwamba gesi hizi hazichanganywi wala hazibadilishani nafasi. R410A hufanya kazi kwa shinikizo kubwa kuliko R22 kwa zaidi ya nusu, na R290, ambayo ni propani, huwaka moto.

Mzigo wa mashine yenyewe nao huanzia kwenye paa. Nyumba ya mtaa wa Mtandire mjini Lilongwe yenye bati tupu bila dari, au ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, ambako Kiswahili cha Wakongo na Warundi kimekuwa lugha ya sokoni, hupokea joto la jua kutoka juu mchana kutwa. Wachache huko wana kiyoyozi, ingawa friji ya duka la soda hufuata kanuni zilezile za gesi, ombwe na kapasita, na muuza soda huzijua hasara zake kuliko wengi. Kiyoyozi kikifungwa chini ya bati la namna hiyo hakitapumzika, na mashine isiyopumzika huchakaa mapema; dari ya mbao nyepesi na rangi nyeupe juu ya bati hupunguza mzigo huo kabla fundi hajaitwa.

Joto la Lilongwe hufikia kilele mwezi Oktoba na Novemba, ndipo mafundi hukimbizana na wateja na kazi hufanywa kwa pupa. Mwenye nyumba amwite fundi mwezi Agosti, amtake aoshe koili ya nje na machujio, apime kapasita, na kama gesi imepungua, amwoneshe kwanza tundu lilipo kabla ya kufungua mtungi.