Dereva kiziwi na yule asiyeweza kutembea wahitaji alama tofauti

NAMBARI za gari nchini Kenya humweleza mengi anayezifahamu. Zikianza kwa KM ni za pikipiki, zikianza kwa KTW ni za tuktuk, na GK ni gari la serikali. Lakini herufi hizo hazisemi iwapo aliyeshika usukani ni kiziwi, wala iwapo miguu yake inaweza kumfikisha kutoka maegesho hadi kibanda chake sokoni.

Kwa mkulima au mfanyabiashara mwenye ulemavu, hilo ni suala la pesa. Anayeuza nyanya kwa jumla na hawezi kutembea mbali hulazimika kulipa wabebaji zaidi akikosa nafasi karibu na lango. Naye dereva kiziwi anayepeleka maziwa alfajiri anaweza kudhaniwa amekaidi amri, kumbe hakusikia kipenga cha afisa aliyekuwa nyuma yake.

Mataifa kadhaa yamejaribu kuondoa tatizo hili kwa nambari maalum za usajili, vibandiko na kadi. Ukitazama yaliyofanyika huko, unaona kwamba mahitaji ya madereva hawa ni ya aina mbili, na alama moja haiwezi kuyatimiza yote.

Kutembea mita 60

Nchini Marekani, Bunge lilipitisha sheria kuhusu maegesho ya watu wenye ulemavu mwaka wa 1988, na kanuni za utekelezaji zikatolewa mwaka wa 1991. Anayestahili hupewa nambari za gari zenye mchoro wa kiti cha magurudumu, au kadi ya kuning'iniza kwenye kioo cha ndani. Kadi ya buluu ni ya mwenye ulemavu wa kudumu, na nyekundu ni ya aliyeumia kwa muda, mathalan aliyevunjika mguu. Kila jimbo hutakiwa kutambua alama zilizotolewa na majimbo mengine.

Mchoro huo wa kiti ulibuniwa mwaka wa 1968 na Susanne Koefoed, mwanafunzi kutoka Denmark, kabla ya kurekebishwa na kuenea duniani kote.

Kipimo kinachotumiwa na kanuni hizo ni miguu na pumzi. Mtu asiyeweza kutembea futi 200, yaani takriban mita 60, bila kusimama kupumzika anastahili. Vivyo hivyo anayetegemea mkongojo au kiti cha magurudumu, na mwenye ugonjwa mkali wa mapafu au moyo. Uziwi haumo katika orodha hiyo, kwa sababu kiziwi mwenye miguu yenye nguvu hana haja ya kuegesha karibu na mlango.

Kadi humfuata mtu

Uingereza ilifuata njia nyingine. Kadi ya rangi ya machungwa ilianza kutolewa huko mwaka wa 1971, na mwaka wa 2000 ikabadilishwa kuwa ya buluu. Kadi hiyo ni ya mtu wala si ya gari. Akipanda gari la nduguye au teksi, huenda nayo, na asipokuwemo garini haifai kutumiwa. Anayeitumia vibaya anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000.

Tofauti hii ina uzito kwa mfanyabiashara mdogo asiye na gari lake mwenyewe. Anayekodi pikapu ya jirani siku ya soko hawezi kufaidika na nambari zilizofungwa kwenye gari la mtu mwingine, lakini kadi iliyo mfukoni mwake ingemfaa katika gari lolote. Aidha, gari lenye nambari maalum likiuzwa au kuazimwa, kishawishi cha kutumia nafasi isiyo yako huwa kikubwa.

Kipepeo cha Japani

Hitaji la kiziwi ni tofauti kabisa. Yeye haombi nafasi ya kuegesha, bali anataka madereva wengine na polisi wajue kwamba honi na kelele hazimfikii.

Japani ndiyo iliyolishughulikia jambo hili kwa undani. Tangu Juni 1, 2008, mtu asiyeweza kusikia honi ya desibeli 90 kutoka mita 10, hata akiwa amevaa kifaa cha kusaidia masikio, anaweza kupata leseni kwa masharti mawili. Kwanza, gari lake liwe na kioo kipana cha kutazama nyuma. Pili, abandike alama ya kijani yenye masikio mawili ya manjano yaliyochorwa kama mabawa ya kipepeo. Alama hukaa mbele na nyuma ya gari, kati ya sentimita 40 na mita 1.2 kutoka ardhini.

Sheria hiyo inawabana madereva wengine pia. Ni kosa kulibana gari lenye kipepeo au kulikatia njia, isipokuwa katika kuepuka hatari, na faini yake hufika yeni 50,000. Kiziwi asiyebandika alama naye hutozwa hadi yeni 20,000. Kwa dereva mwenye ulemavu wa viungo kuna alama nyingine, jani jeupe lenye pande nne juu ya rangi ya buluu, ambayo yeye hahimizwi kwa adhabu kuiweka.

Mwaka wa 2012 ruhusa hiyo ilipanuliwa hadi magari ya mizigo ya daraja la kawaida na pikipiki. Hatua hiyo ndiyo iliyowafungulia viziwi kazi ya kusafirisha bidhaa, badala ya kuendesha gari la nyumbani pekee.

Siri kwa wezi, wazi kwa polisi

Hata hivyo, alama inayoonekana na kila mtu ina hatari yake. Mchuuzi anayebeba mauzo ya siku nzima asingependa kila mpita njia ajue kwamba hatasikia mtu akimnyemelea kwa nyuma.

Jimbo la Texas, Marekani, lilipata njia ya katikati mwaka wa 2019. Mwenye shida ya kuwasiliana, wakiwemo viziwi, anaweza kuomba habari hiyo iwekwe katika rekodi za usajili wa gari lake. Afisa akiitafuta nambari ya gari kwenye mtambo kabla ya kulikaribia, huona taarifa hiyo na kujua asipige kelele. Umma hauoni chochote.

Hali ilivyo hapa

Kenya ilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka wa 2003, na mpya ikatiwa saini Mei 2025. Katika leseni za udereva, daraja F limetengewa magari ya watu wenye ulemavu. Nayo sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka wa 2004 inaruhusu gari lililoundwa mahsusi kwa mtu mwenye ulemavu kuingizwa bila ushuru wa forodha.

Mfanyabiashara anayevutiwa na gari la aina hiyo awe mwangalifu. Msamaha huo, kama kadi ya Uingereza, ni wa mtu. Gari likihamishiwa asiyestahili, ushuru uliosamehewa hudaiwa. Bei nafuu ya leo inaweza kugeuka deni kesho.

Yapo pia yanayoweza kufanywa bila kusubiri sheria. Chama cha ushirika kinaweza kutenga nafasi moja karibu na mizani ya kupimia maziwa au kahawa na kuichora mchoro wa kiti. Kinachohitajika ni mkebe wa rangi, na njia ya upana wa mita 1.2 kando ya gari ili kiti cha magurudumu kipite.

Dereva kiziwi naye anaweza kuweka kioo kipana kama wenzake wa Japani, na kubandika mahali pa wazi ndani ya gari kadi iliyoandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza: "Mimi ni kiziwi. Tafadhali niandikie." Akisimamishwa, aielekeze kwa mkono badala ya kuinama kutafuta karatasi chini ya kiti, kitendo kinachoweza kumtia afisa wasiwasi.

Kamati za masoko zinapoombwa "alama ya walemavu", swali la kwanza liwe: anayeiomba ameshindwa kufika, au ameshindwa kusikia? Wa kwanza atengewe nafasi karibu na lango. Wa pili anahitaji askari wa langoni afundishwe kumpungia mkono badala ya kumpulizia kipenga.