Chumba Lamu, Pesa Kutoka Kitale: Jinsi ya Kulipia Hoteli ya Mji Mkongwe Bila Wasiwasi

Mahindi yakishauzwa na shule zikifungwa, swali huwa ni moja Kitale na Bungoma: Desemba hii twende wapi? Kwa miaka mingi jibu limekuwa Mombasa. Siku hizi picha za Lamu zinazunguka sana kwenye simu zetu: milango ya mbao iliyochongwa, vitanda vyenye neti nyeupe, chai ikinywewa juu ya paa. Unaulizia bei, na baada ya dakika mbili unajibiwa: "Tuma pesa ya kushikia chumba kwa namba hii."

Hapo ndipo wengi hukwama, na wako sahihi kukwama. Kwa barabara, kupitia Nairobi na Mombasa, Lamu iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwako, na pesa yako itafika kabla yako. Kwa hivyo kabla ya kubonyeza chochote, tuelewane.

Unalipia nini hasa?

Mji Mkongwe wa Lamu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001. Nyumba zake za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na kuta ni nene kiasi kwamba joto la nje halikufikii haraka. Mlangoni kuna daka, mahali pa kupokea mgeni. Ndani kuna kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, na ukutani utaona zidaka, vile vishubaka vya plasta vilivyonakshiwa. Baadhi ya nyumba hizi, kwa mfano katika mtaa wa Mkomani, sasa ni hoteli. Vichochoro ni vyembamba, magari hayapiti, na mzigo wako utabebwa na hamali au punda.

Kwa nini tunakueleza haya kwenye ukurasa wa malipo? Kwa sababu hoteli kama hiyo mara nyingi ina vyumba vichache tu. Ikikushikia chumba nawe usitokee, imepoteza. Kuombwa pesa mapema si dalili ya utapeli. Lakini picha za nyumba hizi ziko kila mahali, na mtu yeyote anaweza kuzichukua na kujiita meneja.

Hakikisha anayejibu yuko ndani ya nyumba

Tafuta namba ya hoteli kwenye sehemu mbili tofauti, kwa mfano tovuti yao na ramani ya Google. Kama namba hazifanani, uliza kwa nini. Kisha piga simu ya video na useme, "Naomba unionyeshe mlango wa mbele na chumba chenyewe." Uliza pia: "Nikishuka gatini, nitafikaje kwenu?" Mtu wa pale atakuelekeza bila kufikiria sana. Tapeli atakuharakisha: kuna mteja mwingine anakitaka hicho chumba, lipa sasa hivi. Ukisikia hivyo, pumua kwanza.

Soma jina kabla ya PIN

Omba namba ya Till au Paybill, na uulize mapema jina litakalotokea. Simu ikikuonyesha jina kabla ya kukamilisha malipo, lilinganishe na uliloambiwa. Wakati mwingine jina la biashara iliyosajiliwa si jina lililo kwenye kibao cha hoteli. Hilo hutokea na si kosa, mradi walikuambia kabla. Jina likija tofauti na hawana maelezo, ghairi. Kughairi hakukugharimu hata shilingi.

Vipi wakikuambia utume kwa namba ya mtu binafsi? Nyumba nyingine ndogo huendeshwa na familia, kwa hiyo inawezekana. Lakini hapo hatari yako inaongezeka, basi punguza kiasi unachotuma.

Gawanya malipo

Tuseme chumba ni shilingi 12,000 kwa usiku, nanyi mtalala siku 3. Jumla ni 36,000. Mkikubaliana asilimia 30 ya kushikia, utatuma 10,800, na 25,200 utalipa ukishakiona chumba kwa macho yako. Omba waandike kwenye WhatsApp au barua pepe: tarehe, aina ya chumba, kiasi ulicholipa, kilichobaki, na utarudishiwa kiasi gani ukighairi. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba ulilipa. Hausemi mlikubaliana nini.

Bei ina mambo yake

Uliza kama bei ni ya chumba au ya kila mtu, na kama VAT ya asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2 zimo ndani. Uliza kama kuna bei ya wakaazi, na ubebe kitambulisho. Ukipewa bei ya dola, uliza wanatumia kiwango gani: kwenye dola 100, tofauti ya 129 na 135 ni shilingi 600 kila usiku.

Halafu kuna msimu. Pesa za mavuno huingia Desemba, wakati ambao kila mtu anataka chumba pwani, na bei hupanda. Januari nayo inakungoja na karo. Panga mapema uanze kuweka kidogo kidogo, au nenda nje ya msimu. Mvua za masika za Aprili na Mei hushusha bei, ingawa nyumba nyingine hufungwa kipindi hicho, kwa hivyo uliza kwanza.

Usiende bila pesa taslimu

Ukifika kwa basi utashukia Mokowe, na ukija kwa ndege utatua Manda. Kote kuwili lazima uvuke kwa boti. Beba noti ndogo za nauli ya boti na za hamali, maana simu ikizima chaji gatini, salio lako halitakuvusha.

Mambo yakienda kombo

Ukituma kwa namba isiyo yako kwenye M-Pesa, sambaza ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja. Usisubiri jioni. Kurejeshewa hakuna uhakika, hasa kama aliyepokea ameshatoa pesa, ndiyo maana dakika za mwanzo ni muhimu. Ukitapeliwa, piga ripoti polisi ukiwa na jumbe zote, usifute chochote. Na mtu akikupigia akidai atakusaidia kurejesha pesa ukimpa PIN, kata simu. Sisi hatuombi PIN ya mteja, iwe umetapeliwa au la.

Kabla ya kutuma, mwonyeshe mwenzako wa safari yale maandishi ya makubaliano. Macho mawili zaidi hayadhuru. Yeye akiridhika nawe umeridhika, weka PIN, kisha anza kuulizia basi.