Binti Yetu Anayehesabu Popo

Wamama wapenzi, wiki hii tunawaletea habari ya mwembe mmoja, popo wake, na binti wa mwenzetu ambaye kazi yake wengi wetu hatukuielewa.

Binti huyu alisoma ekolojia ya wanyama wa pori hapa hapa Lubumbashi. Alipomaliza, jamaa wote walingoja aende Upemba ao Kundelungu, maana kwa mawazo yetu wanyama wa pori wanakaa kwenye parke. Yeye akabaki mjini. Jioni anavaa buti, anachukua daftari na darubini, anasimama chini ya miti ya barabarani na kuhesabu. Mama yake alituambia kwa uchungu: "Nililipa minerval miaka yote ile, na leo mtoto anahesabu popo!" Tulicheka pamoja naye. Hatukujua kwamba siku moja tutamhitaji.

Mwezi wa 11, maembe yalipoanza kuiva, popo walijaa kwenye mwembe wa lupango ya mmoja wetu. Kelele usiku kucha, harufu, na mavi juu ya nguo zilizoanikwa. Majirani wengine walisema ni mambo ya uchawi. Kisha mtoto wa miaka sita akaokota popo aliyeanguka, akaja naye nyumbani mkononi. Siku hiyo wababa walileta shoka. Mama mwenye lupango akaomba wangoje mpaka kesho, akatuita. Nasi tukamwita binti.

Alipofika hakuangalia mti. Aliuliza kwanza: "Mtoto aliumwa? Alikwaruzwa?" Alimkagua mikono, vidole vyote kumi. Hakukuwa na kidonda, akamwosha kwa sabuni. Kisha akatuambia tusikie vizuri: mtu akiumwa ao kukwaruzwa na popo, aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, halafu aende hospitali siku ile ile, sawa na aliyeumwa na mbwa. Embe lililotafunwa na popo halikatwi upande mzuri likaliwa, linatupwa. Popo wengine wanabeba magonjwa makali. Wachimbaji wa dhahabu wa Durba waliokufa kwa Marburg kati ya 1998 na 2000 walifanya kazi kwenye mgodi wenye popo.

"Basi tuukate!" akasema baba mmoja. Binti akamjibu kwa heshima: "Baba, mkiukata wakiwa humo, wataanguka wengi chini, na watoto watawaokota wengi."

Ndipo akatueleza ni wageni gani hawa. Ni popo wakubwa wa matunda, wenye rangi ya majani makavu. Akifungua mabawa, mmoja anafikia karibu sentimita 75. Jike anazaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Ni wasafiri: kila mwaka, kati ya mwezi wa 10 na wa 12, mamilioni yao wanakusanyika Kasanka, kule Zambia, si mbali na mpaka wetu. Wataalamu waliwafunga wachache vyombo vidogo vya kuwafuata, wakaona wanaingia mpaka ndani ya Kongo.

Kule wanakula masuku. Wamama, masuku tunayouza sokoni, nani aliipanda miti yake? Popo ni kati ya wapandaji: anakula hapa, anaangusha mbegu mbali. Na sisi kwa upande wetu tunakata miombo inayozunguka mji kwa ajili ya makala. Pori likipungua, mwembe wa lupango unakuwa nyumba ya kupumzikia. Ndiyo maana, akasema, mtu wa wanyama wa pori ana kazi mjini pia.

Hatukukubaliana wote. Mama mmoja mpaka leo anasema mti ungekatwa. Lakini shoka lilirudi nyumbani. Tulihamisha kamba ya nguo, tukafunika mapipa ya maji, tukavuna maembe yakiwa bado magumu, na watoto wakakatazwa kucheza chini ya mti. Baada ya wiki tatu popo waliondoka wenyewe, usiku, bila kufukuzwa.

Binti bado hana mshahara wa kila mwezi. Hilo hatutaki kulificha, na mama yake bado analilia. Ila juzi tulimkuta mama huyo huyo barabarani saa kumi na mbili jioni, ameshika taa, na binti anaandika.

Popo wakija kwenu, msiwashe moto chini ya mti, msiwapige mawe. Wekeni watoto mbali, na mtuambie kwenye kikao. Binti atakuja.