UPEPO WA SHELUI USOMWE KWA HESABU YAKE

Msafiri atokaye Singida mjini kwenda Igunga, akisha kupita Misigiri, huteremka mlima wa Sekenke na ndipo aionapo Shelui. Nyuma yake ni nyanda za juu za Iramba. Mbele yake ni mbuga ya Wembere, tambarare na wazi. Mahali palipokaa hivyo, baina ya mlima na mbuga, hapawezi kuwa na upepo ule ule wa Dodoma.

Twayasema haya kwa kuwa katika utabiri wa kila siku Mamlaka ya Hali ya Hewa huitaja mikoa ya Singida na Dodoma kwa pamoja, kanda ya kati. Hatuilaumu. Utabiri wa nchi nzima hauwezi kuhesabu kila kilima. Lakini mkulima wa alizeti, mchimba dhahabu mwenye turubai juu ya shimo lake, na dereva wa lori tupu ateremkaye Sekenke, hao wote hukutana na upepo wa pale walipo, wala si wa kanda.

Basi yafaa tuelewe maneno ya utabiri. Ikisemwa kuwa upepo utavuma kwa kilomita 30 kwa saa, hiyo ni kadiri tu. Wataalamu hupima kwa dakika 10, mita 10 juu ya ardhi mahali pa wazi, kisha hutoa wastani. Ndani ya dakika hizo upepo hutulia, hurudi, hupiga. Pigo lenyewe hupimwa kwa sekunde 3 tu, nalo huweza kufika kilomita 45 au zaidi. Na nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo wake: mwendo ukiwa mara mbili, nguvu ya kusukuma huwa mara nne. Kwa hiyo pigo la kilomita 45 husukuma kwa nguvu zaidi ya mara mbili ya ule wastani wa 30. Bati huondoka kwa pigo, wastani haukuling'oa.

Tena kuna upande. Upepo huitwa kwa jina la utokako. Upepo wa mashariki watoka mashariki, nao ndio, pamoja na wa kusini-mashariki, unaotawala miezi ya kiangazi. Kwa Shelui maana yake ni upepo unaoshuka kutoka upande wa mlima, na upepo uliokwisha kuvuka ukingo wa mlima hujikunja na kupiga kwa vishindo. Mwenye kuchoma mabaki ya shamba bila kutazama upande huo amchomea jirani yake.

Hatari nyingine huja na mvua za kwanza, mnamo Novemba na Desemba. Hapo wingu la radi huangusha hewa baridi, ikafika chini na kutawanyika mbele ya mvua. Ukuta wa vumbi ukionekana mbugani, muda uliobaki ni wa dakika chache. Hakuna utabiri wa jana uwezao kutaja kijiji na saa ya jambo hilo. Upepo huo ukiingia kwa mlango ulio wazi huinua paa kutoka ndani, na ule upitao juu hulivuta. Paa likapata maadui wawili kwa wakati mmoja.

Mipango ya kufua umeme kwa upepo wa Singida imezungumzwa kwa miaka mingi. Wenye mitaji wameuona upepo huo kuwa mali. Sisi twaomba kwamba upimwe pia kwa ajili ya mapaa ya madarasa. Gharama ya mwanzo ni ndogo: mlingoti uwanjani, kitambaa chepesi juu yake, na mwanafunzi wa zamu aandikaye kila asubuhi na alasiri upepo umetoka wapi, umetikisa majani au matawi, na umepiga saa ngapi. Daftari la misimu miwili likiwapo, fundi aezekaye mwezi wa Oktoba atajua ni upande gani wa paa azidishe misumari.