Ubora wa umeme

Ubora wa umeme ni kiasi ambacho umeme unaomfikia mtumiaji unalingana na ule ambao vifaa vyake vimetengenezewa. Nchini Tanzania umeme wa majumbani ni mkondo geu wenye volti 230 na marudio ya hezi 50. Umeme wa njia tatu una volti 400 kati ya njia moja na nyingine. Volti zikishuka au kuzidi mno, umeme ukikatika mara kwa mara, au wimbi lake likipoteza umbo, ubora umepungua hata kama taa inawaka.

Jambo hili ni tofauti na lile la kuwa na umeme au kutokuwa nao. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ulipoanza kazi mwaka 2007, nguzo zimefika katika vijiji vingi vya Tanzania Bara. Hata hivyo nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu inaweza kuwa na uniti za kutosha kwenye LUKU na bado mota isizunguke. Hali hiyo watu huieleza kwa kusema "umeme ni mdogo".

Viwango

Kiwango cha kimataifa IEC 60038 kinataja volti 230 na kuruhusu tofauti ya asilimia 10 juu au chini, yaani kati ya volti 207 na 253 mahali umeme unapoingia kwa mteja. Hata ndani ya mipaka hiyo tofauti huonekana: hita ya wati 2,000 ikipata volti 207 hutoa wati 1,620 tu, kwa sababu nguvu yake hupungua kufuatana na mraba wa volti.

Safari ya umeme na kushuka kwa volti

Umeme husafirishwa kwa volti kubwa ili usipotee njiani. Bwawa la Kidatu mkoani Morogoro, lenye mitambo ya megawati 204, hupeleka umeme wake kwa laini za volti 220,000. Katika vituo vya kupozea umeme volti hupunguzwa hadi 33,000 au 11,000, kisha transfoma za kwenye nguzo huzishusha hadi 400 na 230. Sehemu hii ya mwisho ndiyo fupi kuliko zote, lakini ndiyo inayoathiri zaidi volti za mteja wa kijijini, kwa kuwa mkondo wake ni mkubwa kulingana na volti zake.

Mfano mzuri ni mji mdogo kama Dumila, katika wilaya ya Kilosa, ambapo barabara ya kwenda Kilosa inaachana na barabara kuu ya Morogoro–Dodoma. Mji wa namna hiyo hukua kwa kufuata barabara: nyumba, maduka, mashine za kusaga na karakana za kuchomelea hujipanga mstari mrefu, nao waya hurefuka pamoja nazo.

Tuseme laini ya njia moja ina waya wa alumini wa milimita za mraba 50, na mteja wa mwisho yuko mita 800 kutoka kwenye transfoma. Waya huo una ukinzani wa takriban omu 0.64 kwa kilomita. Umeme huenda na kurudi, hivyo urefu ni kilomita 1.6 na ukinzani wote ni karibu omu 1. Wateja wa mwisho wakitumia ampea 20, volti 20 hupotea njiani na zinabaki 210. Mota ikiwashwa na mkondo ukapanda kwa muda hadi ampea 60, zinabaki 170.

Nguvu ya mota ya kuzungusha hutegemea pia mraba wa volti. Kwa volti 170 mota ina kiasi cha asilimia 55 tu ya nguvu yake ya kuanzia. Ikishindwa kuanza huendelea kuvuta mkondo mkubwa, hupata joto, na koili zake huungua. Mwenye mashine hulaumu mota, akainunua nyingine, nayo ikaungua vilevile. Tiba ya kweli ni kuongeza unene wa waya, kusogeza transfoma karibu na wateja, au kugawa mzigo sawasawa kwenye njia tatu.

Kasoro nyingine

Mbali na volti ndogo, kasoro zinazojulikana zaidi ni hizi:

- Kukatika na kurudi ghafla. Kompresa ya friji iliyozimika ina shinikizo kubwa ndani yake. Umeme ukirudi baada ya sekunde chache hushindwa kuanza na inaweza kuungua.
- Mruko wa volti. Radi ikipiga laini au karibu nayo huleta maelfu ya volti kwa muda mfupi sana, chini ya elfu moja ya sekunde.
- Harmoniki. Televisheni, chaja, taa za LED na mashine za kisasa za kuchomelea huvuta mkondo kwa vishindo, si kwa wimbi laini. Vishindo hivyo huongeza joto katika transfoma na katika waya wa nyutro.
- Kipengele kidogo cha nguvu. Mota na mashine za kuchomelea zenye transfoma huvuta mkondo zaidi ya unaofanya kazi. Kapasita zilizofungwa karibu na mashine hupunguza mzigo huo kwenye laini.
- Kutolingana kwa njia tatu. Njia moja ikilemewa kuliko nyingine, mota za njia tatu hupata joto na maisha yake hupungua.

Kukatika kwa nyutro

Hii ni hatari kuliko kasoro nyingi kwa sababu huunguza vifaa vya nyumba nyingi kwa wakati mmoja. Katika laini ya njia tatu, waya wa nyutro ndio unaohakikisha kila nyumba inapata volti 230. Ukikatika au kulegea, nyumba za njia tofauti hujikuta zimeungwa kwa mfululizo kati ya volti 400.

Kwa mfano, nyumba moja imewasha pasi ya wati 2,000 na nyingine, iliyo kwenye njia tofauti, ina vifaa vya wati 100 tu. Nyutro ikikatika, nyumba yenye mzigo mdogo hupata takriban volti 380, na yenye pasi hupata karibu volti 20. Dalili yake ni taa za nyumba moja kung'aa kupita kiasi huku za jirani zikififia. Hapo swichi kuu izimwe mara moja na shirika la umeme lipigiwe simu. Nyaya za kwenye nguzo haziguswi na mtu asiye na idhini.

Umeme ndani ya kifaa

Vifaa vingi vya elektroniki hubadili mkondo geu kuwa mkondo mnyoofu. Dayodi nne hunyoosha mkondo, na kapasita huhifadhi umeme hadi kilele cha wimbi. Kilele cha volti 230 ni volti 325. Ndiyo maana kapasita za sehemu hiyo kwa kawaida huwa za volti 400 au 450. Nyutro ikikatika na volti kufika 400, kilele huwa volti 566, na kapasita hupasuka.

Kapasita hiyo hiyo huvusha kifaa katika mkatiko mfupi. Yenye mikrofaradi 100, ikishuka kutoka volti 325 hadi 130, hutoa takriban jouli 4.4. Kifaa cha wati 50 kinaweza kuendelea kwa sekunde 0.09 hivi, sawa na mizunguko minne ya wimbi. Kwa hiyo televisheni huweza kustahimili mkatiko ambao macho yameuona kwenye balbu.

Mbunifu wa sakiti huongeza pia varista, ambayo hufunguka volti zinapopanda ghafla na kuelekeza mruko pembeni. Ni lazima fyuzi itangulie varista. Volti zikizidi kwa muda mrefu varista huungua. Fyuzi ikiwa mbele yake hukata umeme, ikikosekana moto unaweza kuanza. Fundi anayebadili fyuzi iliyokatika kwa kipande cha waya huondoa kinga hiyo yote.

Vifaa vya kinga

Hakuna kifaa kimoja kinachotibu kila kasoro.

Kinga ya friji hukata umeme volti zinapotoka nje ya mipaka, kisha husubiri dakika chache kabla ya kuurudisha ili shinikizo la kompresa litulie. Haiongezi volti.

Stabilaiza hupandisha au kushusha volti kwa transfoma yenye matoleo kadhaa yanayochaguliwa na rilei. Hata hivyo haiumbi nguvu. Kifaa cha wati 1,000 huhitaji ampea 4.3 kwa volti 230, lakini kikipandishiwa kutoka volti 170 huvuta karibu ampea 5.9 kwenye laini. Stabilaiza zikiwa nyingi katika laini dhaifu, jirani asiye nayo hupata umeme mdogo zaidi.

UPS ina betri na hufaa kwa kompyuta. Kwa radi, kinga ya miruko hufanya kazi vizuri ikiwa imeunganishwa na ardhi kwa waya mfupi na fimbo iliyozama kwenye udongo wenye unyevu. Kuchomoa plagi kabla ya mvua ya radi bado ni njia ya uhakika.

Katika zahanati suala hili hugusa uhai, kwa kuwa chanjo nyingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi. Majokofu ya chanjo yenye kuta za barafu hubaki baridi kwa saa nyingi umeme ukikatika, lakini kompresa zake nazo huhitaji kukingwa.

Reli ya umeme

Reli ya kisasa (SGR) kati ya Dar es Salaam na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, hupita wilaya ya Kilosa. Treni zake hutumia volti 25,000 za njia moja. Mzigo mkubwa wa njia moja huweza kuleta kutolingana katika mtandao wa njia tatu. Kwa sababu hiyo reli za aina hii hulishwa kutoka laini zenye nguvu kubwa, na vituo vyake kwa kawaida huungwa kwa kupokezana njia.

Malalamiko ya mtumiaji

Mteja huanza kwa kutoa taarifa TANESCO. Asiporidhika anaweza kupeleka lalamiko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001. Lalamiko lenye tarehe, saa, volti zilizopimwa na orodha ya vifaa vilivyoharibika huwa na uzito zaidi ya maneno "umeme ni mdogo". Wateja kadhaa wa transfoma moja wakipima saa zilezile, vipimo vyao huonyesha kama kasoro iko kwenye laini au ndani ya nyumba moja.