Shamba limeuzwa, makaburi yamebaki (Sehemu ya Pili)

Jijini Dar es Salaam, ukitoka Tegeta kwenda Bunju, au ukiipita Mbagala kuelekea Toangoma na Chamazi, utayaona bila kuuliza. Kati ya ukuta wa tofali na fremu za maduka kuna kipande cha ardhi ambacho hakuna aliyekijenga. Kuna mwembe mkongwe, pengine mikorosho miwili mitatu, na chini yake vilima vya udongo vilivyokaribia kulingana na ardhi. Hayo ni makaburi ya ukoo. Hayakuletwa mjini, mji ndio uliokuja ukayakuta.

Wiki iliyopita mfululizo huu ulizungumzia makaburi ya umma, kama ya Kinondoni na Chang'ombe. Leo tunaingia mashambani, yaani kwenye maeneo ambayo kizazi kimoja tu nyuma yalikuwa mashamba.

Katika Uzaramo wa zamani, nchi ya Wazaramo, ukoo ulizika ulipoishi, mara nyingi karibu na minazi ambayo wazee wenyewe waliipanda. Marja-Liisa Swantz, mtafiti wa Kifini, aliishi Bunju katika miaka ya 1960, na kitabu chake juu ya mila na alama za Wazaramo kilitoka mwaka 1970. Wakati ule Bunju ilikuwa kijiji, na Dar es Salaam ilikuwa mahali pa kupandia basi. Mzaramo huchukua mtala, yaani jina la nasaba, upande wa baba, lakini ukoo wake huuhesabu upande wa mama. Kwa hiyo swali la nani azikwe wapi, na nani mwenye sauti juu ya makaburi, halikuwa jepesi hata kabla ya madalali kufika. Baadhi ya makaburi ya Wazaramo yaliwekewa nguzo za mbao zilizochongwa umbo la mwana hiti, sanamu ndogo ya mwanamke ambayo mwali naye alipewa akiwa ndani. Mbao ina adui wawili, mchwa na mkusanyaji wa sanaa, na leo nguzo hizo huonekana zaidi kwenye majumba ya makumbusho kuliko makaburini.

Pwani yenyewe, wenye uwezo walijengea kwa mawe. Nenda Kunduchi, nje kidogo ya kijiji cha wavuvi. Kuna magofu ya msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15 au 16, na chini ya mibuyu yamesimama makaburi ya nguzo, mengi ya karne ya 18. Sogea karibu na nguzo moja. Imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na usoni ina vishimo vya mviringo vilivyopangwa kwa ustadi. Humo zilipachikwa sahani na bakuli za kaure zilizokuja kwa jahazi. Nyingi zimeng'olewa, kilichobaki ni alama ya duara kwenye chokaa, na mahali pengine kipande cha sahani kilichovunjikia ndani wakati mwizi akihangaika nacho. Makaburi ya namna hiyo yapo pia Mbuamaji, upande wa Gezaulole, eneo lililokuwa chini ya Temeke hadi Kigamboni ilipopewa wilaya yake mwaka 2016. Mbuamaji ilikuwa mji wenye watu wake na biashara yake kabla Sultani Majid hajaanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860.

Hayo ya mawe yana mlinzi kwenye vitabu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, makaburi yakiwemo. Lakini kilima cha udongo cha bibi aliyefariki mwaka 1920 hakimo. Hakina maandishi, hakina nguzo, kina jiwe moja kichwani na jingine miguuni. Anayejua kwamba pale amelala fulani binti fulani ni mzee mmoja wa ukoo, na siku mzee huyo akizikwa, ramani nzima imezikwa naye.

Hapo ndipo biashara inapoingilia. Shamba la urithi huuzwa vipande vipande, hatua 20 kwa 20, mbele ya mashahidi na mjumbe wa serikali ya mtaa. Hati ya mauziano, kama iliandikwa na mtu makini, huwa na maneno "isipokuwa eneo la makaburi". Ajabu ni kwamba njia ya kufikia makaburi hayo husahaulika. Mnunuzi wa mbele anajenga ukuta, wa nyuma anajenga wake, wa ubavuni anaweka geti. Ndugu wakija na jeneza, au wakija kufagia na kusoma dua kabla ya mfungo, inabidi wapige hodi kwa mtu asiyewajua. Makaburi hayakuuzwa, lakini yamefungiwa ndani.

Wauzaji wengine hukaa kimya kuhusu makaburi, nao wana sababu. Kwenye mgogoro wa ardhi, kaburi la babu ni shahidi asiyenunulika: linaonyesha nani alikuwa pale na tangu lini. Wanafamilia ambao hawakushirikishwa kwenye mauzo huwapeleka wajumbe wa baraza la ardhi moja kwa moja kwenye kaburi hilo. Mnunuzi mwerevu anayekuta kilima chenye mawe mawili ndani ya kiwanja anapaswa kurudi nyuma na kuuliza upya ukoo wenyewe una watu wangapi.

Serikali ikilitaka eneo kwa barabara, reli au uwanja wa ndege, inayotumika ni Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Waziri anaweza kuamuru makaburi yahamishwe, na tangazo hutolewa kwenye Gazeti la Serikali. Fidia yake ina mipaka inayowashangaza wengi: ni gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, pamoja na ibada au tambiko la kuomba radhi. Watunga sheria walilikumbuka tambiko, na kwa hilo wanastahili pongezi. Ila thamani ya mahali penyewe haimo. Tena mamlaka hayo ni kwa manufaa ya umma. Mtu binafsi anayetaka kujenga gesti hana ubavu wa kuitumia sheria hiyo kumfukua babu wa mwenzake.

Kuna mfano mjini wa kinachowapata wasio na majina. Mwaka 1968 makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yaliyokuwa Ocean Road yalihamishwa kupisha ujenzi wa barabara mpya, yakapelekwa kwenye makaburi ya vita yaliyo kando ya Barabara ya Bagamoyo. Waliokuwa na alama zao walihama na majina yao. Waliozikwa katika viwanja vya Waafrika Wakristo, vya Waislamu na vya wasio Wakristo hawakuwa wamewekewa alama mmoja mmoja. Wakazikwa upya kwa pamoja, chini ya kuta za ukumbusho. Na hao walikuwa chini ya taasisi yenye fedha na watunza kumbukumbu. Ukoo wa Bunju unao nini?

Unayo nafasi moja, nayo haingoji. Mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulipima Bunju, Boko, Mbweni, Toangoma na kwingineko, na tangu hapo urasimishaji umeingia mitaa mingi iliyojengwa kiholela. Mpima anapopita, ndugu wawepo. Waonyeshe mipaka ya makaburi, waonyeshe na njia yake, wahakikishe vyote viwili vimechorwa kwenye ramani ya mipango miji kama eneo la maziko. Waandike majina ya waliolala pale wakati mzee anayeyajua bado anaongea, na nakala waiache ofisi ya serikali ya mtaa. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, mchoro ukishaidhinishwa, anayetaka kubadili matumizi ya eneo ni lazima aombe kibali.