Somo la Afya: Ngozi Kavu ya Wazee

Ninyi mlioko Pito na pande zote za Sumbawanga, sogezeni viti karibu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: NGOZI, MAJI, MAFUTA. Somo la leo limo ndani ya maneno hayo.

Wengi wenu mnaishi na mzazi mzee. Huenda umemwona mama yako akijikuna miguu na mgongo usiku kucha, hata shuka ikapata madoa ya damu. Asubuhi miguu yake imepauka kama iliyopakwa majivu. Watu husema, "Ni uzee tu, hauna dawa." Ni kweli, uzee hauna dawa. Lakini muwasho huu una dawa, na mara nyingi dawa hiyo imo nyumbani mwako.

KWA NINI NGOZI YA MZEE HUKAUKA?

Tazama ukuta wa nyumba ya matofali. Tofali limekaa juu ya tofali, na katikati umo udongo unaoyashika. Udongo ukitoka, upepo hupenya. Ngozi ya mtu nayo ni hivyo. Ina vipande vidogo sana mfano wa matofali, na katikati yake mna mafuta. Mafuta hayo huzuia maji ya mwilini yasitoke. Mtu akizeeka, mwili wake hutengeneza mafuta machache, na ngozi huwa nyembamba. Basi maji hutoka, ngozi hukauka na kupasuka, nayo huwasha.

Hali ya Ufipa huongeza taabu hiyo. Mji wa Sumbawanga uko kadiri ya meta 1,800 juu ya bahari. Toka Mei hata Oktoba mvua ni haba, na mwezi wa Juni na Julai baridi ni kali. Hewa kavu hunyonya maji katika ngozi kama inavyoyanyonya katika nguo iliyoanikwa. Mzee naye hukaa karibu na moto kutwa. Moto humpa joto, lakini humkausha miguu zaidi.

MAMBO YA KUACHA

Kwanza, maji ya moto sana. Mtoto mwema humpashia mama yake maji mpaka yatoe mvuke. Lakini maji hayo huondoa mafuta ya ngozi, kama yanavyoondoa mafuta katika sufuria.

Pili, sabuni ya kufulia na kusugua kwa dodoki. Ngozi ya mzee huchubuka upesi.

Tatu, kumpaka vitu vikali. Mafuta ya taa huunguza ngozi. Krimu za kung'arisha ngozi usizitumie kabisa. Nyingine zina zebaki, nayo ni sumu.

MAMBO YA KUFANYA

1. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu. Yajaribu kwa kiwiko chako. Dakika kumi zatosha.

2. Tumia sabuni laini, tena makwapani, kinenani na miguuni tu. Isuuze yote itoke.

3. Mkaushe kwa kumgusagusa kwa kitambaa. Usimsugue.

4. Mpake mafuta mara moja, ngozi ingali na unyevu. Hili ndilo jambo kubwa la leo. Mafuta hayaongezi maji katika ngozi. Huyafungia yale yaliyomo. Ukingoja mpaka ngozi ikauke, utafungia nini? Mafuta ya mgando yafaa sana. Mafuta safi ya alizeti, zao linalolimwa hapa hapa Rukwa, yafaa pia. Mpake asubuhi na jioni, hata siku asiyooga.

5. Mkate kucha. Blanketi la sufu lisiguse ngozi yake. Tanguliza shuka au kanga ya pamba. Nguo zake zisuuzwe vizuri, sabuni isibaki.

Jihadharini na mambo mawili. Nyayo zenye mafuta huteleza, na mzee akianguka aweza kuvunjika nyonga. Tena nguo iliyolowa mafuta hushika moto upesi. Basi kiti chake kiwe mbali kidogo na jiko.

Msisahau heshima. Mzee hawezi kuufikia mgongo wake, na pengine huona haya kuomba. Usingoje aombe. Sema, "Mama, nikupake mgongo?" Baba apakwe na mwanawe wa kiume au mjukuu, usimlazimishe mkwe kazi hiyo.

LINI TWENDE ZAHANATI?

Si kila muwasho ni ukavu. Mpeleke mzee kwa mganga ukiona haya:

Wengine nyumbani nao wanajikuna, hasa usiku na katikati ya vidole. Huo huenda ni upele. Nyumba nzima hutibiwa pamoja, au sivyo utarudi.

Macho yamekuwa manjano, au mzee anakonda, au ana kiu na kukojoa mara kwa mara. Huenda ugonjwa uko ndani, katika ini, au ni kisukari.

Ana baka lisilosikia akiguswa. Huenda ni ukoma, nao hutibika ukiwahiwa.

Ana vidonda vyenye usaha, au muwasho ulianza baada ya dawa mpya. Chukua dawa zote anazotumia, mganga azione.

Umempaka mafuta majuma mawili bila nafuu.

Mwaka 1973 madarasa ya Tanzania yalisikiliza masomo ya redio ya "Mtu ni Afya". Watu walisikiliza, wakazungumza, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Nasi tufanye vivyo hivyo: tumesikiliza, sasa tuzungumze, na jioni hii tukafanye.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Mafuta ya ngozi yana kazi gani?

2. Kwa nini tunapaka mafuta mara baada ya kuoga?

3. Nyumbani kwako, mzee hulala na kuketi wapi? Je, moto uko karibu mno?

4. Taja dalili tatu za kumpeleka mzee zahanati.

Andika daftarini: Maji ya uvuguvugu kwanza, mafuta mara moja.

Kwaherini, na salamu kwa wazee wote nyumbani.